NENO «RETOUR» KATIKA TENNIS NA KATIKA MWILI WA MTU



Mwaka huu ni mwaka wangu wa mwisho hapa shuleni. Kabla sijakwenda kukaa mbele ya karatasi za Egzeta, nimeomba nafasi katika gazeti letu nieleze neno moja tu. Neno lenyewe ni la Kifaransa, ni fupi, na kila mmoja wetu analijua: retour. Mimi pia nililijua miaka mingi. Lakini maana yake niliifahamu siku moja tu ya asubuhi, na siku ile mtoto wa darasa la saba alikuwa amelala katika mavumbi mbele ya miguu yangu. Kosa lilikuwa langu. Ninaliandika hapa kwa sababu wengi wenu mliliona, na tena kwa sababu mwaka ujao kuna mwingine atakayepewa filimbi yangu.

Nianze mbali kidogo.

Nikiwa na miaka kumi na moja, wakati wa likizo, nilikuwa ninakwenda kwenye uwanja mmoja wa tennis hapa mjini. Sikwenda kucheza. Nilikwenda kuokota mipira. Wakubwa walicheza, sisi watoto tulikimbia nyuma ya mipira, na jioni tulipata pesa kidogo ya mkate. Huko kulikuwa na mzee mmoja aliyetengeneza wavu na kupiga mistari ya chokaa. Ndiye aliyetufundisha kuhesabu pointi. Alikuwa akisema hivi: «Service iko yako, mtoto. Unapiga wakati unataka, pahali unataka. Lakini retour iko ya mwenzako. Ukipiga service na ukasahau retour, umekwisha kufa.» Sisi tulicheka, tukarudia maneno yake njiani tukienda nyumbani.

Kwa wale wasioujua mchezo huu: katika tennis mmoja ndiye anayeanza. Anashika mpira mkononi, anautupa juu, anaupiga. Hiyo ni service. Amepewa nafasi mbili: akikosa ya kwanza, anajaribu tena. Mwenzake, ng'ambo ya wavu, hana mpira wala hana amri. Anangoja tu. Mpira ukidunda mara moja katika eneo lake, lazima aurudishe, na yeye ana nafasi moja, si mbili. Kuurudisha mpira ule ndiko kunaitwa retour. Uwanja wote una urefu wa mita 23,77. Wachezaji wenye nguvu wanapiga service inayopita kilometa 200 kwa saa. Basi mwenye kungoja ana karibu nusu ya sekunde kuona, kuamua na kupiga.

Ukimtazama vizuri huyo mwenye kungoja, utaona jambo. Hasimami kama mti wa bendera. Magoti yake yamekunjwa kidogo, visigino havilemei chini, na wakati mwenzake anapiga, yeye anaruka karuko kadogo pale pale. Mwenye kusimama kama mti anachelewa. Shikeni jambo hili la miguu, nitalirudia.

Watu wengi wanafikiri kwamba tennis ni service. Mwaka 2010, katika Wimbledon kule Uingereza, Mmarekani John Isner na Mfaransa Nicolas Mahut walianza mchezo tarehe 22 Juni, wakaumaliza tarehe 24 Juni. Walicheza saa 11 na dakika 5. Isner alipiga service 113 ambazo mwenzake hakuzigusa, Mahut alipiga 103. Kila mmoja alikuwa na service ya kutisha, na katika seti ya mwisho hakuna aliyeweza kuishinda service ya mwingine. Hata ubao wa kuhesabia ulichoka, ukakwama kwenye 47 kwa 47. Seti ile ilimalizika 70 kwa 68, siku Isner alipofaulu mwishowe kuivunja service ya Mahut. Maana yake nini? Pahali penye service tupu, mchezo hauendi mbele. Unazunguka pale pale mpaka watu wanachoka na ubao unakwama.

Wala msidhani tennis ni ya Wazungu peke yao. Mwaka 2022 msichana wa Kenya, Angella Okutoyi, akiwa na miaka 18 kama mimi leo, alichukua kombe la Wimbledon la wasichana wadogo, wakicheza wawili wawili na mwenzake wa Uholanzi, Rose Marie Nijkamp.

Basi hiyo ndiyo maana ya kwanza. Retour ni jibu la mwenzako. Lakini mimi nilikuwa mtoto, na mtoto anapenda service.

Mwezi wa tisa uliopita nilichaguliwa kuwa kapita wa wanafunzi wote. Nilipewa filimbi, kaye ya majina, na ruhusa ya kushughulika na wachelewaji asubuhi. Kusema kweli, nilifurahi sana. Mama alinishonea shati jipya. Nilipopiga filimbi, watu mia tano walinyamaza. Nani hatapenda kitu kama hicho? Sasa ninaona kwamba nilikuwa nimepata service, nafasi mbili, tatu, na hata kumi, na ng'ambo ya wavu hapakuwa na mtu mwenye raketi.

Wiki chache baadaye, katika somo la biologia, Mwalimu aliandika ubaoni: retour veineux. Akauliza: «Nani anajua retour ni kitu gani?» Nikainua mkono upesi: «Ni ya tennis, Mwalimu!» Darasa zima lilicheka. Mwalimu naye alicheka, kisha akasema: «Si uongo, kapita. Lakini moyo wako nao unacheza tennis, na haujui.»

Akatueleza. Kwa muda wa zaidi ya miaka elfu, waganga wakubwa walifuata mafundisho ya Galeno: walifikiri kwamba damu inatengenezwa katika ini, inakwenda mwilini, na mwili unaimaliza kama shamba linavyonywa maji. Inakwenda, hairudi. Mwaka 1628 mganga Mwingereza, William Harvey, alitoa kitabu. Alikuwa amefanya hesabu tu: moyo ukipiga mara moja unatoa kiasi hiki, kwa nusu saa unapiga mara nyingi hivi. Jibu lilikuwa kubwa kuliko damu yote iliyo katika mwili wa mtu! Ini haliwezi kutengeneza damu nyingi hivyo kila nusu saa, na chakula cha mtu hakitoshi. Basi ni lazima damu ile ile irudi. Harvey aliuliza swali ambalo wengi kabla yake hawakuuliza: ile iliyotoka, inakwenda wapi?

Leo tunajua zaidi. Mtu mzima ana karibu litri tano za damu, na akipumzika moyo wake unasukuma karibu litri tano kila dakika. Ni kusema damu yote inazunguka kwa dakika moja hivi. Inatoka kwa mishipa ya kupeleka, inarudi kwa mishipa ya kurudisha, ndiyo vena. Hayo marudio ndiyo retour veineux. Halafu Otto Frank wa Ujerumani na Ernest Starling wa Uingereza, zaidi ya miaka mia iliyopita, walionyesha sheria moja ya ajabu: moyo ukijazwa zaidi, unavutika, na unasukuma kwa nguvu zaidi. Ukirudishiwa kidogo, unatoa kidogo. Moyo hauwezi kutoa kitu ambacho haukurudishiwa, hata ukiwa na nguvu namna gani.

Lakini damu ya miguuni inarudi namna gani, wakati inapaswa kupanda juu kama mtumbwi unaopanda mto? Kuna vitu vitatu. Kwanza, ndani ya vena kuna vilango vidogo vinavyofunguka upande mmoja tu, kama mdomo wa kikapu cha kutegea samaki: aliyepita harudi nyuma. Pili, kuvuta pumzi kunasaidia kuivuta damu kuelekea kifuani. Tatu, kila mara unapotembea, mashavu ya miguu yanakaza na kubana vena zile, na damu inasukumwa juu. Watu wanayaita mashavu ya miguu moyo wa pili. Lakini ukisimama wima bila kutikisika, moyo huo wa pili unalala. Damu karibu nusu litri inashuka na kubaki chini ya kiuno.

Niliandika yote katika kaye. Kwenye mtihani nilipata 17 juu ya 20. Na sikuwa nimefahamu kitu.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu. Ninyi mnajua jua la hapa Kisangani. Tuko nusu ya digrii tu kaskazini ya ikweta, na mvua ya usiku ikipita, asubuhi jua linapika. Wachelewaji walikuwa kumi na wanne. Malipizi yangu yalikuwa haya, na niliyatunga mimi mwenyewe: kusimama wima mbele ya bendera, mikono chini, magoti yamenyooka, hapana kusema, hapana kutikisika. Anayetikisika, dakika tano zaidi. Nilikuwa ninatembea mbele yao nikishika filimbi. Mimi nilitembea. Wao ndio waliosimama.

Mmoja alikuwa mdogo wa darasa la saba, mwenye viatu mkononi. Miguu yake ilikuwa na matope mpaka magotini. Nilipopita, alifungua kinywa: «Yaya kapita, mtumbwi...»

Nikasema: «Nyamaza! Nani amekuuliza?»

Alinyamaza. Baada ya dakika kama ishirini niliona uso wake umebadilika rangi, jasho linamtoka, anapepesa macho. Alitaka kuinama. Nikasema: «Simama muzuri!» Akanyooka. Kisha akaanguka mbele, mzima mzima, kama mti uliokatwa, bila kuweka mikono.

Nilifanya nini? Nilifanya kosa la pili. Nilimshika makwapa, nikaita mwenzangu, tukamsimamisha. Kichwa kililala kifuani, miguu haikushika. Tulikuwa tunamshindilia asimame, naye anazidi kuwa mweupe midomoni. Ndipo Mwalimu wa biologia alitoka mbio katika darasa lake akipiga kelele: «Mumulalishe! Mumulalishe chini! Inua miguu!» Alimlaza kivulini, akaweka mfuko wangu wa vitabu chini ya visigino vyake, akafungua kifungo cha shingo. Haikupita dakika moja, mtoto alifungua macho. Aliulizia viatu vyake.

Mwalimu hakunigombeza mbele ya watu. Aliniangalia tu na kusema: «Kapita, 17 juu ya 20.»

Sikulala usiku ule. Nilikuwa ninayapanga mambo kichwani, na yote yalikuja mahali pake. Mtoto alisimama wima: moyo wa pili ulilala. Damu ilibaki miguuni: retour ilipungua. Moyo haukurudishiwa, basi haukuwa na cha kutoa, na kilicho juu kuliko vyote, ubongo, ndicho kilichokosa. Ndiyo sababu mwili ulimwangusha. Kuanguka kwake hakukuwa uvivu wala kudanganya, ilikuwa njia ya mwili ya kulala chini ili damu irudi. Na sisi tulimsimamisha tena! Alitaka kuinama: mwili wake ulijua. Alitaka kusogeza miguu: mwili wake ulijua. Mimi nilikataza vyote viwili na kuongeza dakika tano.

Lakini kulikuwa na jambo lingine, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alikuwa ameanza kuniambia neno, «mtumbwi». Hiyo ilikuwa retour yake. Na mimi niliukata mkono uliotaka kuurudisha mpira. Nilitaka kuwa moyo unaosukuma tu, kama zamani za Galeno: maagizo yatoke, yaende, yaishie katika watu. Sikuuliza yanakwenda wapi, na nini kinarudi.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, nilimtafuta. Mnafahamu si jambo rahisi, kapita kwenda kumwomba mtoto wa darasa la saba msamaha, na wenzake wanaangalia. Nilikuwa nimetayarisha maneno mazuri. Nikayasema yote. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema polepole: «Yaya kapita, haukuniuliza ata jina.»

Ni kweli. Katika kaye yangu niliandika 14. Sikuandika majina siku ile, niliandika hesabu.

Nikamwuliza jina, na nikamwuliza habari ya mtumbwi. Anakaa Lubunga, ng'ambo. Mama yake anauza asubuhi, naye anamsaidia kubeba mizigo kabla ya kuvuka. Mwenye mtumbwi hatoki mpaka mtumbwi ujae. Siku ile ukungu ulikuwa mzito juu ya mto, walingoja, na alipofika ng'ambo hii hakuwa na pesa ya kupanda toleka, alitembea. Alikuwa hajala kitu tangu jana yake jioni. Haya yote yangechukua dakika moja kuyasikia. Mimi nilikuwa na dakika ishirini za kumsimamisha, na sikuwa na hiyo moja.

Kuna jambo katika Kiswahili chetu ambalo ningependa mliangalie. Kifaransa kina retour moja tu kwa vyote. Sisi tunatenga: damu inarudi, mchezaji anarudisha. Lakini katika Kiswahili cha vitabu kuna maana ya tatu: kumrudi mtoto ni kumwonya, kumwadhibu ili ajirekebishe. Zamani sikujua kwa nini neno moja lina maana hizi zote. Sasa ninafikiri hivi: adhabu iliyo nzuri ni ile inayomrudisha mtu. Ile inayomwangusha si kumrudi, ni kumpiga service tu.

Tulikwenda kwa Bwana Prefe, mimi na makapita wa madarasa, tukaomba ruhusa ya kubadili desturi, naye akakubali. Tangu wakati huo mchelewaji anakaa kwenye benchi chini ya mwembe, anaandika katika kaye jina lake na sababu yake. Tunasoma pamoja siku ya Ijumaa. Mwenye sababu ya kweli tunatafuta dawa. Mwenye mazoea mabaya anafagia uwanja, na kufagia ni kutembea, miguu inafanya kazi! Nisiwadanganye: wengine wanaandika uongo. Mmoja aliandika kwamba nyanya yake amefariki mara tatu katika mwezi mmoja. Wengine wanaandika maneno makali juu yangu. Retour si lazima iwe mpira laini. Mara zingine inakuja kwa nguvu kuliko service uliyopiga, na inakupata ungali unajifurahia. Lakini kwa njia hiyo tumejua kwamba wachelewaji wengi walikuwa watu wa ng'ambo, si wavivu. Hilo sikulijua miezi mitatu mizima nilipokuwa ninapiga filimbi.

Kabla ya kumaliza, nataka wadogo wachukue jambo la kutumia. Mkisimama muda mrefu, kwa bendera au kwa mkutano, msikaze magoti. Kunjeni kidogo, inueni visigino na kushusha, kazeni mashavu ya miguu: mnausaidia moyo wa pili, na hakuna atakayewaona. Jaribuni kula kitu na kunywa maji kabla ya kutoka nyumbani. Macho yakianza giza, masikio yakilia, kaeni chini upesi, msione haya. Na mwenzenu akianguka, msimsimamishe. Mlazeni chali, inueni miguu yake, mpeni hewa, iteni mwalimu. Asipoamka upesi, au akiwa ameumia kichwa, au akipumua kwa shida, hapo ni kumpeleka kwa mganga bila kukawia.

Na kwako wewe utakayepokea filimbi mwezi wa tisa: mzee wa uwanja wa tennis alisema kweli. Service ni yako, na ni tamu. Lakini ukikunja magoti kidogo na kungoja, utasikia kitu kinarudi. Ukirudishiwa, utakuwa na cha kutoa. Usiporudishiwa, ujue kuna mtu pahali fulani katika mstari anaanza kubadilika rangi.

Yule mdogo bado anachelewa, mara moja moja, siku za ukungu. Juzi alikuja akakaa kwenye benchi, akachukua biki. Nilikuwa nimekwisha kuliandika jina lake.

Mimi ndugu yenu,
Kapita wa wanafunzi